Mo Yan au Yu Hua: ukiwa na hela ya kitabu kimoja

Mwishoni mwa miaka ya 1980 wanaume wawili waligawana chumba cha bweni jijini Beijing. Walikuwa katika darasa la waandishi la Chuo cha Fasihi cha Lu Xun. Kila mmoja alikuwa na meza yake, na katikati yao walisimamisha makabati mawili kama ukuta. Tabu ni kwamba makabati hayakugusana. Ulibaki upenyo, na kila walipoegemea viti kunyoosha mgongo, macho yao yaligongana. Mtu anayeandika riwaya hapendi kutazamwa. Mwishowe yule mkubwa kwa umri alileta kalenda ya ukutani, akaitundika kuziba ule upenyo, na kazi ikaendelea. Upande mmoja wa kalenda Mo Yan alimaliza riwaya yake kuhusu nchi iliyozama kwenye pombe. Upande wa pili Yu Hua alimaliza riwaya yake ya kwanza, kuhusu mvulana asiye na pa kushika nyumbani kwao wenyewe.

Mpwa wangu, aliyemaliza chuo juzijuzi, aliniuliza: "Mjomba, nataka kusoma riwaya ya Kichina, ila hela niliyonayo ni ya kitabu kimoja tu. Ninunue cha nani?" Nilimjibu papo hapo: Mo Yan, ana Nobel. Baada ya siku tatu nikampigia simu nikamwambia asubiri kwanza. Nilikuwa nimejibu kama mtu anayechagua kwa kuangalia medali. Hawa wawili nimewasoma kwa miaka, nawapenda wote, na najua kwamba ukikosea mlango unaweza kurudi zako kabla hujakaribishwa ndani. Haya ndiyo niliyopaswa kumwambia tangu mwanzo.

Wengi wetu China ya nyumbani, ya mama wakwe na vyungu jikoni, tuliiona kwenye televisheni. Mwaka 2011 TBC ilipoonyesha kwa Kiswahili tamthilia ya Doudou na mama wakwe zake, watu walimzungumzia Doudou kama jirani. Ile ilikuwa Beijing ya ghorofa na mishahara. Riwaya za hawa wawili zinakupeleka vijijini na kwenye miji midogo, kwa wazazi na mabibi wa akina Doudou, walioishi miaka ambayo tamthilia haikuigusa: vita na Wajapani, ugawaji upya wa ardhi, njaa kuu ya kuanzia 1959 hadi 1961, na Mapinduzi ya Utamaduni ya 1966 hadi 1976. Bila miaka hiyo huwaelewi.

Njaa ya mmoja, mochwari ya mwenzake

Mo Yan si jina la kuzaliwa. Aliitwa Guan Moye, akazaliwa Februari 1955 katika kijiji kimoja cha wilaya ya Gaomi, mkoa wa Shandong, nyumba ya wakulima. Maana ya Mo Yan ni "usiseme". Wazazi wake walimkanya asiropoke nje, kwani siku hizo neno moja la mtoto liliweza kuiponza familia nzima, naye alikuwa mtoto wa maneno mengi. Njaa kuu ilimkuta bado mdogo. Amesimulia kwamba mwaka 1961 shule yao iliteremshiwa makaa ya mawe ya kupashia moto wakati wa baridi, mtoto mmoja akaanza kuyatafuna, wengine wakafuata, na darasani mwalimu akawa anafundisha huku wanafunzi wakitafuna makaa. Amesimulia pia kwamba alitamani uandishi baada ya kusikia kutoka kwa jirani kwamba kuna mwandishi anayekula jiaozi mara tatu kwa siku. Jiaozi ni vile vinyama vilivyofungwa kwenye chapati nyembamba ya unga na kuchemshwa, na kijijini kwao huo ulikuwa mlo wa sikukuu.

Aliacha shule akiwa darasa la tano, akachunga ng'ombe peke yake malishoni, akafanya kazi kiwanda cha pamba, na mwaka 1976 akaingia jeshini. Jeshi ndilo lililomtoa kijijini na kumweka karibu na vitabu.

Ukitaka kumjua huyu mtu kwa dakika kumi tu, tafuta hotuba aliyoitoa Stockholm Desemba 2012. Anaanza na mama yake. Kumbukumbu yake ya kwanza maishani ni chupa ya chai. Nyumba nzima ilikuwa nayo moja, akatumwa nayo kwenda kuchota maji ya moto jikoni kwa umma, mikono imelegea kwa njaa, ikamponyoka ikavunjika. Akajificha ndani ya rundo la nyasi kutwa nzima. Jioni akasikia mama anamwita kwa jina la utotoni, akatoka akijua atapigwa. Mama hakumpiga. Alimpapasa kichwa akashusha pumzi ndefu. Halafu kuna ile ya kuokota masazo ya ngano shambani. Mlinzi alimshika mama, akampiga kofi hadi akaanguka, damu ikamtoka mdomoni. Miaka mingi baadaye Mo Yan alimwona mlinzi yule sokoni, mzee mwenye mvi, akataka kumrukia alipize. Mama akamshika mkono akamwambia kwamba yule aliyempiga na huyu mzee si mtu mmoja.

Yu Hua alikulia kwingine kabisa. Alizaliwa Aprili 1960 Hangzhou, akakuzwa Haiyan, mji mdogo wa mkoa wa Zhejiang karibu na bahari. Baba yake alikuwa daktari wa upasuaji, mama naye mtu wa hospitali, na familia iliishi ndani ya uwanja wa hospitali, ng'ambo ya chumba cha maiti. Usiku alisikia vilio vya waliofiwa. Mchana wa joto kali aliingia mle ndani, kwa kuwa mlango haukufungwa, akalala kwenye kitanda cha saruji kwa sababu palikuwa na ubaridi. Anaisimulia habari hii bila kutetemeka, na ukishaijua unaelewa kwa nini kifo katika vitabu vyake huingia kama mgeni aliyezoea nyumba.

Alipomaliza sekondari alipangiwa kazi ya kung'oa meno. Aling'oa meno miaka mitano, saa nane kwa siku, na ameandika kwamba ndani ya kinywa cha mtu ndimo mwenye mandhari mabaya kuliko kote duniani. Dirishani aliwaona wafanyakazi wa ofisi ya utamaduni ya mji wakizurura barabarani. Akauliza, akaambiwa hiyo ndiyo kazi yao. Akaanza kuandika hadithi ili ahamishiwe kule. Mwaka 1983 jarida moja la Beijing lilimwita kurekebisha hadithi yake, wakimtaka aupe mwisho wenye nuru zaidi; naye amekiri kwamba alikuwa tayari kuitia nuru kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, ilimradi wachapishe.

Lakini kinachonielekeza kwenye moyo wa uandishi wake ni sindano. Akiwa bado hospitalini alitumwa kuchanja watu. Sindano zilikuwa za kuchemshwa na kutumiwa tena na tena, ncha zimejikunja kama ndoana, kila ukichomoa zinanyofoa nyama kidogo. Wafanyakazi wa kiwandani walijikaza, hakusikia kitu. Alipofika shule ya chekechea watoto wakalia kupita kiasi, na hata ambao zamu yao haijafika wakalia kwa kuona wenzao. Jioni ile alikaa na jiwe la kunolea, akazinoa ncha zote, na aliendelea hivyo kila siku baada ya hapo, vidole vikapata malengelenge. Alijilaumu kwa nini hakujichoma mwenyewe kwanza.

Kurasa zenyewe

Ukimfungua Mo Yan, jiandae kwa mafuriko. Sentensi zake zinabeba harufu, rangi, matusi, nyimbo na mizimu kwa pamoja. Kitabu kilichomtangaza, cha miaka ya 1986 na 1987, kinahusu mtama mwekundu wa Gaomi, na kwa Kiingereza kinaitwa Red Sorghum. Msomaji wa Singida au Dodoma anaujua mtama, kwa hiyo ana pa kuanzia. Wa Gaomi unarefuka kumpita mtu, na ndani yake watu wanapendana, wanaviziana, wanapika pombe, wanawapiga Wajapani na kuzikwa. Msimulizi ni mjukuu anayesimulia ya babu na bibi kana kwamba alikuwepo. Hadithi hairudi nyuma wala kwenda mbele kwa utaratibu. Inazunguka kama mzee aliyeshika kikombe ambaye kila jina linamkumbusha jingine. Aliyekulia kwa bibi msimulizi hatapotea. Aliyezoea hadithi ya kunyooka atashika kichwa.

Kitabu chake ninachokipenda zaidi ni Shengsi Pilao cha mwaka 2006, ambacho kwa Kiingereza kinauzwa kwa jina la Life and Death Are Wearing Me Out. Ximen Nao, mwenye mashamba, anauawa wakati ardhi inagawanywa upya. Huko kuzimu analalamika kwa mfalme wa wafu kwamba ameonewa. Anarudishwa duniani, si kama mtu bali punda, na nyumba anayorudia ni ileile iliyokuwa yake. Punda akifa anakuwa ng'ombe, kisha nguruwe, kisha mbwa, kisha nyani. Nusu karne ya historia ya kijiji unaiona kwa macho ya mifugo wa nyumbani. Kuna mkulima mmoja katika kijiji kizima anayekataa kujiunga na shamba la pamoja, analima kipande chake peke yake hadi uzeeni, na punda na ng'ombe wanalima pamoja naye. Mo Yan alikiandika kwa brashi ya wino siku arobaini na ushei tu, nawe utaihisi ile kasi. Utahisi pia pale ambapo angekaa chini apunguze. Sura za nguruwe ni ndefu mno. Mara ya kwanza nilikiweka kando mwezi mzima nilipofika hapo.

Yu Hua ananyoa kila kitu. Maneno machache, sentensi fupi, watu wanasema wanachosema kisha wananyamaza. Alianza miaka ya 1980 na hadithi za ukatili mtupu, damu nyingi na watu baridi, kisha miaka ya 1990 akageuka. Huozhe, iliyouzwa kwa Kiingereza kwa jina la To Live, ndiyo ngome ya jina lake. Mwanzoni kabisa kijana anayezunguka vijijini kukusanya nyimbo za wakulima anamkuta mzee Fugui akilima na ng'ombe mkongwe, akimwita ng'ombe yule kwa majina mengi. Wanakaa chini ya mti, mzee anaanza kusimulia. Zamani alikuwa mtoto wa tajiri, akacheza kamari hadi ardhi yote ya ukoo ikaenda kwa mtu mmoja aitwaye Long'er. Miaka michache baadaye wenye ardhi wanakamatwa, na Long'er anapigwa risasi kwa kosa la kumiliki mashamba yaleyale. Fugui anatoka pale akijishika mwili, akijua kwamba zile risasi zilikuwa zake. Kuanzia hapo hadithi inamfuata na mkewe Jiazhen na watoto wao, miaka inapita juu yao, nami sitasema zaidi.

Kitabu cha pili cha kumpimia ni kile cha mwaka 1995 kuhusu muuza damu, Chronicle of a Blood Merchant kwa Kiingereza. Xu Sanguan anafanya kazi kiwanda cha hariri. Kila nyumba inapobanwa anakwenda hospitali kuuza damu, akiwa amekunywa mabakuli ya maji kwanza kwa imani kwamba damu itaongezeka, na akitoka anaagiza maini ya kukaanga na divai ya mchele iliyopashwa moto. Mwaka wa njaa, siku yake ya kuzaliwa, familia imelala kitandani usiku baada ya majuma mengi ya uji mwembamba wa mahindi. Sanguan anawaambia wanawe watatu, Yile, Erle na Sanle, kwamba atawapikia kwa mdomo. Kila mtu aagize. Sanle, mdogo kabisa, anataka nyama ya nguruwe ya kupikwa na sosi ya soya. Baba anaanza: anakata vipande, anauliza vingapi, anachemsha, anakaanga, anatia sosi, anafunika, anaacha moto mdogo. Wote wanameza mate gizani. Anawakemea wale wakubwa: hii ni ya Sanle, nyinyi mbona mnameza, mnamwibia mwenzenu. Mimi nyama hiyo siili, na bado nilimeza mate, halafu koo likanikaba.

Hapo ndipo tofauti yao ilipo. Wote wawili wanaandika njaa. Mo Yan anakuonyesha mtoto anayetafuna makaa, meno meusi, makaa yanang'aa, na anakufanya ushangae. Yu Hua anampa mtoto nyama ya maneno, na wewe unayesoma ndiye unayeachwa na njaa.

Hadhi, na ugomvi juu ya hadhi

Tarehe 11 Oktoba 2012 Mo Yan alitangazwa mshindi wa Nobel ya Fasihi. Gao Xingjian, mwandishi mzaliwa wa China, alikuwa ameipata mwaka 2000, lakini yeye alikuwa tayari raia wa Ufaransa, na serikali ya China haikumfurahia. Safari hii furaha ilikuwa ya rasmi, na papo hapo ugomvi ukaanza. Mo Yan alikuwa makamu mwenyekiti wa Chama cha Waandishi cha China. Mwaka huohuo alikuwa miongoni mwa waandishi na wasanii mia moja walionakili kwa mkono hotuba za Mao za Yan'an za mwaka 1942, zile zilizoagiza sanaa itumikie siasa. Alipofika Stockholm alifananisha udhibiti wa maandishi na ukaguzi wa uwanja wa ndege, kitu kisichopendeza lakini kipo. Mwandishi Salman Rushdie alimshutumu, na Herta Müller, mshindi wa 2009, aliuita ushindi ule janga. Kwa upande mwingine, siku moja tu baada ya kutangazwa, Mo Yan alikuwa amesema anatumaini Liu Xiaobo, mshindi wa Nobel ya Amani aliyekuwa gerezani, ataachiwa mapema.

Yale ya uwanja wa ndege yaliniuma na bado yananiuma. Mwandishi mwenye sauti kubwa kiasi kile alikuwa na nafasi ya kuitumia kwa wenzake. Hata hivyo anayemwita kipaza sauti cha serikali hajakaa na vitabu vyake. Riwaya yake ya 1988 inatokana na ghasia za kweli za 1987: wakulima waliohimizwa kulima vitunguu saumu, wakavuna, kisha maghala ya serikali yakakataa kununua, vitunguu vikaoza barabarani, nao wakaivamia ofisi ya wilaya. Mkulima yeyote wa kwetu aliyewahi kukaa juu ya magunia yake akisubiri mnunuzi asiyekuja atakisoma kitabu kile kama barua aliyoandikiwa. Na Wa, au Frog, ya mwaka 2009, inamhusu shangazi mkunga aliyezalisha maelfu ya watoto kisha akawa mkono wa sera ya mtoto mmoja, akiwafukuza wajawazito hadi mtoni. Mhusika huyo amechotwa kwa shangazi yake mwenyewe. Kitabu kilipata Tuzo ya Mao Dun mwaka 2011, tuzo kubwa ya riwaya nchini mwao.

Katika hotuba yake ileile ya Stockholm kuna kisa ambacho wakosoaji wake wengi hukiruka. Akiwa darasa la tatu shule iliwapeleka kwenye maonyesho ya mateso ya zamani, na watoto wote walilia ili mwalimu awaone, wengine wakijipaka mate mashavuni kama machozi. Mtoto mmoja hakulia. Zaidi ya kumi walikwenda kumshtaki, naye Moye akiwa mmoja wao. Mwenzao akapewa onyo. Miaka mingi baadaye alipotaka kutubu, mwenzake yule alikuwa ameshafariki. Mo Yan akasema alijifunza kwamba wote wanapolia, mmoja aruhusiwe kutolia. Kila mtu anaweza kuipima kauli hiyo dhidi ya maisha yake. Mimi naamini aliimaanisha. Na mwaka 2024 kule kwao alijitokeza mtu mtandaoni akitaka kumshtaki mahakamani kwa kuwatukana mashujaa wa taifa katika riwaya zake, akidai fidia ya yuani bilioni 1.5, moja kwa kila Mchina. Mahakama haikulipokea shauri. Nje anaonekana kanyamaza mno, na ndani wapo wanaoona amesema mno.

Yu Hua hana Nobel, ila ana wasomaji. Huozhe imeuza mamilioni ya nakala China, na vijana waliozaliwa baada ya kitabu kutoka wanampenda kwa mazungumzo yake ya kuchekesha kuhusu meno na uvivu. Mahusiano yake na udhibiti yana mikunjo yake. Mwaka 1994 mwongozaji Zhang Yimou, yuleyule aliyeupeleka mtama wa Mo Yan kwenye sinema na kutwaa tuzo ya Dubu wa Dhahabu kwenye tamasha la filamu la Berlin 1988, aliigeuza Huozhe kuwa filamu. Ikapata Tuzo Kuu ya Majaji huko Cannes na Ge You akawa mwigizaji bora wa kiume, lakini nyumbani ikapigwa marufuku. Kitabu kilekile kikaendelea kuuzwa madukani. Insha zake kuhusu China katika maneno kumi, zenye kile kisa cha sindano, amezichapisha Taiwan na nchi za nje, kwao hazikutoka. Yeye anaandika anachotaka na kuchagua pa kukipeleka. Mo Yan anaandika anachotaka na kukivisha ngozi ya punda. Zote ni njia za watu wanaoishi kwao na hawataki kuhama.

Sisi wenyewe tunajua jinsi Nobel inavyotangulia vitabu. Abdulrazak Gurnah alipoipata mwaka 2021 wengi wetu tulishangilia Mzanzibari kabla hatujafungua ukurasa wake hata mmoja, na Peponi kwa Kiswahili ilitufikia mwaka uliofuata.

Wa tatu, kwa mwenye moyo mgumu

Siwezi kuandika habari hii nikamwacha Yan Lianke. Alizaliwa 1958 wilaya ya Song, mkoa wa Henan, akaingia jeshini kama Mo Yan, na vitabu vyake kadhaa vimezuiwa au kutolewa nje ya China bara tu. Mwaka 2014 alipata Tuzo ya Franz Kafka. Kitabu chake kuhusu kijiji cha Ding, Dream of Ding Village kwa Kiingereza, kiko jirani na muuza damu wa Yu Hua, ila huku hakuna maini wala divai ya kujipongeza. Miaka ya 1990 wakulima wa Henan waliuza damu kwa wachuuzi waliotumia vifaa vichafu, na Virusi vya Ukimwi vikasambaa vijiji kwa vijiji. Msimulizi ni mtoto wa miaka kumi na miwili ambaye ameshakufa, mwana wa mchuuzi, aliyelishwa sumu na wanakijiji kwa hasira juu ya baba yake.

Waliokulia ukanda wa Ziwa miaka hiyohiyo hawahitaji kuelezwa kijiji kinavyonyamaza pale ambapo kila nyumba ina mgonjwa na hakuna anayetaja jina la ugonjwa. Nilikisoma mara moja. Sijakirudia, na nakipendekeza, lakini kisiwe cha kwanza.

Ukiniuliza wako wapi wanawake: wapo, na si wa kupambia orodha. Can Xue wa Hunan, aliyewahi kuishi kwa kushona nguo, anaandika ndoto zisizotafsirika kirahisi. Wang Anyi anaandika Shanghai ya uchochoroni, na Chi Zijian maisha ya wafugaji wa kaskazini ya mbali. Wanastahili andiko lao.

Basi ununue kipi

Kwa bahati mbaya wengi wetu tutawasoma kwa Kiingereza, au Kifaransa kwa ndugu wa Kongo na Burundi. Mo Yan wa Kiingereza ni Howard Goldblatt karibu vitabu vyote, kwa hiyo sauti haibadiliki kutoka kitabu hadi kitabu. Yu Hua ana wafasiri tofauti, Michael Berry kwa Huozhe na Andrew F. Jones kwa muuza damu, na kwa kuwa lugha yake ni nyepesi hata Kiingereza cha kidato cha nne kinatosha. Huozhe haifiki kurasa 300. Ile ya punda inazidi 500, na majina ni mengi kiasi kwamba utahitaji kuyaandika pembeni. Ukitafuta dukani kumbuka jina la ukoo kwa Wachina linatangulia: Yu Hua yuko kwenye Y, siyo H.

Kama umezoea kusoma, unapenda hadithi zenye majini na wanyama wanaosema, una likizo mbele yako na hukasiriki hadithi ikipotea njia, nunua Mo Yan, na uanze na Frog, siyo mtama. Frog imeandikwa kama barua, inakushika mkono, na shangazi yule hutamsahau.

Wengine wote, Huozhe. Ina msimamo mmoja, sauti moja, mzee mmoja chini ya mti. Anayesoma kwa vipande vya dakika ishirini kwenye daladala ataimudu. Filamu iache kwanza. Ni nzuri sana, lakini imemwachia Fugui watu wa nyumbani ambao kitabu hakikumwachia, na ukiianza utasoma ukingoja faraja isiyokuja.

Mpwa wangu alinunua Huozhe. Wiki mbili hakunipigia. Kisha usiku mmoja, saa nne imeshapita, simu ikaita.

"Shikamoo, mjomba. Nimekimaliza."

"Marahaba. Umekionaje?"

Akakaa kimya kidogo. "Mjomba, yale majina anayomwitia ng'ombe pale mwanzoni. Jiazhen, Fengxia, Youqing. Nilipita haraka tu, nikajua ni majina ya ng'ombe. Nimerudi kuyasoma tena sasa hivi."